Bibi anakwenda kupasuliwa, na sisi tumemwambia ni vidonda vya tumbo

Somo, shikamoo.

Nina miaka 27, fundi cherehani, mzaliwa wa Ngamiani, Tanga. Mama yangu alifariki nikiwa darasa la pili. Aliyenilea ni bibi mzaa mama, na mpaka leo tunalala chumba kimoja. Bibi ana miaka 71. Ni mtu wa swala tano na uradi, hana maneno mengi, na mtaani ndiye kijumbe wa upatu wa akina mama kumi na wawili. Miaka yote hiyo sijasikia mtu akilalamikia hata shilingi.

Kabla ya Ramadhani nilikuwa nafua nguo zake nikaona damu kwenye kanga. Nilipomuuliza akasema ni bawasiri, watu wazima wote wanazo. Kumbe alikuwa anaficha miezi. Akaanza kukonda, akipanda ngazi mbili za baraza anatweta. Tulipompeleka hospitali damu ikaonekana imepungua sana, tukapewa rufaa kuja Dar es Salaam. Huku wakamwingiza kamera kwa njia ya haja kubwa, wakakata kinyama, tukasubiri. Majibu yametoka: saratani ya utumbo mpana, chini kabisa, karibu na njia ya haja. Daktari anasema vipimo havioneshi kuwa imesambaa, inaweza kutolewa kwa upasuaji, ila huenda haja ikabidi itokee tumboni, kwenye mfuko. Inaweza kuwa kwa muda, inaweza kuwa moja kwa moja, watajua wakishafungua. Upasuaji ni Jumanne ya wiki ijayo.

Majibu tuliyapokea mimi na mama mdogo, Bibi akiwa nje kwenye benchi. Mama mdogo akampigia mjomba aliyeko Maskati, ambaye ndiye anayetoa pesa nyingi. Mjomba akakata shauri palepale: mama asiambiwe, presha itamuua kabla ya kisu. Basi Bibi ameambiwa ana vidonda vya tumbo na atafanyiwa kioperesheni kidogo. Habari ya mfuko hajaambiwa kabisa. Fomu ya kukubali upasuaji mama mdogo anataka aisaini yeye.

Wengine nao hawakukaa kimya. Mama mkubwa amekuja kutoka Pangani na kombe la zafarani (aya zilizoandikwa, zikaoshwa kwa maji ya kunywa), habasoda na mizizi ya kuchemsha. Anasema tumalize kwanza siku 40 za kisomo, kisu kitauchochea ugonjwa. Mume wa mama mdogo ni Mlutheri wa Lushoto, mtu mwema sana. Yeye anataka mchungaji wake aje amwombee, na mama mkubwa amenuna kwa hilo hadi leo. Kundi letu la WhatsApp limegeuka uwanja wa vita. Mtu anatuma dua, dakika mbili baadaye anamsuta ndugu yake.

Mimi ndiye ninayelala naye. Juzi usiku aliniuliza, "Hivi Ocean Road ni mbali na hapa?" Nikasema sijui. Akanyamaza, kisha akasema, "Zamu inayofuata ya upatu ni ya yule mama wa vitumbua. Usije ukaniacha nikasahau." Nikajifanya nimelala. Nililia mpaka mto ukalowa.

Naogopa nikimwambia nitamuua, na kumficha naogopa pia. Mjomba amesema atakayemwambia Bibi asimwite tena mjomba, na pesa zake atazichukua. Nifanyeje, Somo?

Mjukuu wa Bibi, Mbagala

*

Marahaba mwanangu, na pole kwa usiku huo.

Nianze na swali lake la Ocean Road. Mzee wa Tanga akiulizia Ocean Road haulizii upepo wa bahari. Nchi hii jina hilo likitajwa hospitalini lina maana moja: hospitali ya saratani. Bibi yako amekatwa kinyama. Amewaona mkitoka kwa daktari hamtazamani. Amemwona mama mkubwa kafunga safari kutoka Pangani na vikapu vyote hivyo kwa ajili ya "vidonda vya tumbo". Anajua, au anajua nusu, na hiyo nusu anaibeba peke yake usiku, wewe ukijifanya umelala na yeye akijifanya hajui kuwa uko macho.

Sasa rudia ulichoandika kuhusu upatu. Umekipitisha kama neno la mgonjwa aliyekosa la kusema. Mimi nimekisoma mara tatu. Mwanamke anayeshika pesa za wenzake kumi na wawili anakaribia kulazwa mezani apigwe usingizi, na kinachomjia ni zamu ya mtu. Ile ni amana. Sura ya Nisaa, aya ya 58, imeamrisha amana zirudishwe kwa wenyewe. Na Mtume, rehema na amani zimshukie, ametufundisha kuwa Muislamu mwenye kitu cha kuusia asilale mausiku mawili ila wasia wake umeshaandikwa. Hadithi hiyo wameipokea Bukhari na Muslim. Bibi yako ameyajua haya kabla mjomba hajazaliwa. Mkimwambia ni kioperesheni kidogo, mnamwambia hana haja ya kuusia, hana haja ya kuomba radhi, hana haja ya kumwita aliyekosana naye. Mjomba anadhani anamkinga mama yake. Anamnyang'anya matayarisho ambayo dini yake imempa.

Hofu ya mjomba naijua, nimewahi kuwa nayo. Mama yangu mzazi alipotakiwa kuondolewa titi, sisi watoto wanne tulikubaliana tumwambie ni jipu. Akazinduka, akapeleka mkono kifuani, akatutazama mmoja mmoja. Hakulia wala hakugomba. Ila tangu siku ile hadi alipofariki, miaka sita baadaye, hakumeza kidonge kutoka mkononi mwetu bila kuuliza, "Na hii ni ya nini, kweli?" Hata panadol. Alikuwa akimwita mtoto wa jirani amsomee boksi.

Na kwenu kuna huo mfuko. Sijui kama daktari aliwaeleza, lakini mahali pa kuutolea hupangwa kabla ya upasuaji, mgonjwa akiwa macho. Muuguzi au daktari humkalisha, humsimamisha, humwinamisha, kisha huweka alama ya kalamu tumboni. Ukikaa kwenye mkunjo wa ngozi haushiki, unavuja. Ukikaa pale anapofungia kanga, unabanwa kutwa nzima. Anayejua kanga yake inakaa wapi ni Bibi mwenyewe. Aoneshe anavyofunga, anavyorukuu, anavyosujudu, alama iwekwe kwa kufuata hayo. Utamfanyiaje hivyo mtu aliyeambiwa ana vidonda vya tumbo? Na ile fomu, mtu mzima mwenye akili timamu anasaini mwenyewe. Najua huku kwetu ndugu husaini kwa niaba, na daktari mwenye foleni ndefu mlangoni huachia ipite. Bado tumbo ni la Bibi. Mwombeni daktari akae naye amweleze yeye, ninyi mkiwa pembeni.

Nina hakika swala itamsumbua kuliko hata neno saratani. Atauliza, "Nikiwa na haja tumboni nitasimamaje mbele ya Mola wangu?" Usimjibu wewe, mtafutie sheikh anayemwamini, aje kabla ya Jumanne. Kwa ufupi, masheikh wengi wanamweka mwenye mfuko katika hukumu ya mwenye udhuru wa kudumu, kama yule asiyeweza kuzuia mkojo. Wakati wa swala ukiingia anajisafisha, anatia udhu kwa ajili ya faradhi ile, anaswali, na kinachotoka bila hiari yake katikati ya swala hakiiharibu. Siku za mwanzo asipoweza kusimama ataswali kwa kukaa, asipoweza kukaa ataswali kwa ubavu. Na mwambie hivi, atacheka: sahaba aliyemuuliza Mtume habari ya kuswali hivyo, Imran bin Huswein, alikuwa na bawasiri.

Namna ya kumwambia. Chagua asubuhi, baada ya alfajiri, akishamaliza uradi na wewe hujawasha jiko. Usiku hapana, mtu atakesha nalo. Wala usingoje Jumatatu. Kaa chini, si kwenye kiti, na anza kwa kumuuliza: "Bibi, majibu ya kile kinyama yapo. Unataka uyasikie yote, au tukwambie ya kufanya tu?" Wapo wazee watakaosema sitaki kujua, fanyeni mnavyoona. Wana haki hiyo, lakini waseme wao. Akisema niambie, mwambie kwa maneno machache. Ni saratani. Iko utumbo wa chini. Daktari haoni kuwa imesambaa na anataka kuitoa. Huenda ukawa na mfuko. Usimalizie na "utapona tu", maana hujui, na yeye anajua kuwa hujui. Kisha nyamaza. Kimya kitakuwa kirefu. Chukua mafuta ya nazi umpake miguu huku ukingoja. Akiuliza, "Nitakufa?", jibu lako ni, "Sijui, Bibi. Nitakuwa nawe."

Lakini usiende peke yako, na kabla ya hapo usiandike neno kwenye kundi. Mpwa hamshindi mjomba kwenye WhatsApp. Nenda kwa mama mkubwa. Ndiyo, huyuhuyu wa kombe. Katika familia nzima ndiye anayejali dini kwa sauti kubwa kuliko wote, basi mpelekee hiyo hadithi ya wasia na habari ya upatu, umuulize, "Mama mkubwa, hili tumeliweka wapi?" Nadhani atakuwa wa kwanza kutaka mama yake aambiwe. Na akikubali, akae karibu yenu asubuhi hiyo.

Naye mpe anachokitaka, ila si siku 40 kabla ya kisu. Daktari amesema haioneshi kusambaa leo. Hakusema itangoja. Maneno ya kwamba kisu kinachochea yanatokana na wagonjwa wengi kufika hospitali wamechelewa. Wakifunguliwa, ugonjwa unakutwa umeshaenea, wakifariki lawama inabebwa na kisu. Kisomo kianze usiku wa leo, kiendelee mpaka Jumanne, na baada ya hapo atimize siku zake 40 na zaidi, nani atamkataza? Mtume alimwambia mwenye ngamia amfunge kwanza kisha atawakali, naye mama mkubwa hiyo anaijua kwa moyo.

Mizizi iachwe. Habasoda mtajieni daktari, maana inaweza kugusa presha, sukari na kuganda kwa damu. Na kombe, mwanangu, ni maji. Kabla ya upasuaji mtapewa saa ya kuacha chakula na saa ya kuacha kunywa, kwa sababu mtu aliyepigwa usingizi akiwa na kitu tumboni kinaweza kupanda na kuingia mapafuni. Nimeshasikia upasuaji umeahirishwa kwa kikombe kimoja alichonyweshwa mgonjwa kwa mapenzi, alfajiri, chini ya shuka. Anywe Jumapili.

Mjomba mwachieni Bibi. Akishajua na akaridhika, amtumie mwanawe ujumbe wa sauti kwa mdomo wake mwenyewe: nimeambiwa, nimeridhia, niombee. Mtoto wa kumnyima mama yake pesa baada ya sauti ile sijakutana naye bado. Ila usitembee bila akiba. Ulizieni ofisi ya ustawi wa jamii pale hospitalini, maana sera ya afya ya 2007 iliagiza wazee wa miaka 60 na zaidi wasiojiweza watibiwe bure, na ofisi hiyo ndiyo inayochambua nani anastahili. Huyo mjomba pia mpeni kazi ya kufanya. Watu walioko mbali hufoka kwa sababu hawana cha kushika mkononi. Mifuko ile inabadilishwa kila baada ya siku chache, na si kila duka la dawa linayo. Mwambieni aulizie huko Maskati. Muuguzi akishawapa saizi, mtumieni picha ya boksi.

Na huyu mkwe wenu wa Lushoto, jamani, mtu kama huyo mnamnunia? Bibi damu imepungua na huenda akaongezewa kabla au wakati wa upasuaji. Mtaambiwa mlete ndugu wa kuchangia. Anayechangia awe na miaka 18 hadi 65, asipungue kilo 50, awe mzima wa afya. Mwanamume anaweza kurudia baada ya miezi mitatu, mwanamke minne. Damu haiuzwi, na mtu akiwaomba pesa kwa ajili ya damu, mkataeni. Huyo baba mdogo aje na wenzake wa kwaya, wakunje mikono. Mchungaji kuja kitandani aulizwe Bibi. Naona atasema aniombee hukohuko kanisani, na atasema kwa upole kuliko mlivyokuwa mkisema ninyi.

Mambo ya wodini nitakutajia machache, mengine mtafundishwa. Asipakwe piko, ile rangi nyeusi ya urembo. Kidoleni atabanwa kifaa cha kusoma oksijeni, na piko iliyokolea inaweza kukisumbua. Pete na meno ya bandia, kama anayo, vibaki kwako. Akitoka huko ndani anaweza kuchanganyikiwa siku mbili tatu, hasa usiku, akakuita kwa jina la mama yako. Jitayarishe kwa hilo, litakuuma. Kwa wazee hutokea sana baada ya upasuaji mkubwa na kwa wengi hupita, lakini mwite muuguzi kila mara, kwani wakati mwingine ni dalili ya homa au hewa kupungua. Mvalishe miwani yake, mtajie siku na saa, mpe tasbihi yake mkononi. Wakisema akalishwe, akalishwe. Wakisema atembee hatua tano, atembee hata kama analalamika, kwa sababu kulala tu kunaleta nimonia na damu kuganda miguuni. Na kumwaga na kubadilisha mfuko jifunzeni hukohuko kabla hajaruhusiwa, wewe na mmoja wa mama zako. Bibi naye afundishwe, maana siku moja atataka kujifungia chooni afanye mwenyewe.

Usiku usiwe wako peke yako. Andikeni zamu. Mama mdogo, mama mkubwa, wewe. Cherehani nayo inakungoja na wateja wana sare zao.

Kimebaki kimoja. Daftari la upatu liko wapi? Kama liko Ngamiani chini ya godoro, mwombe jirani alipe basi la asubuhi lilete, na wewe ukalipokee stendi. Alisome mwenyewe, jina kwa jina, kiasi kwa kiasi, mama mkubwa akiwa shahidi, wewe ukiandika. Akuambie anamwachia nani ukijumbe mpaka atakaporudi. Na pesa ya yule mama wa vitumbua itumwe kwa simu mbele ya macho yake, kabla ya Jumanne.

Somo